Waliobeba Machela Yangu

Mimi ni mtu wa hasira, na sitaki kuanza habari hii kwa kujipamba. Hasira yangu ndiyo iliyonikalisha miaka sita bila kuwashukuru watu walioniokoa. Hasira hiyo hiyo ndiyo iliyonitoa nyumbani Agosti ya mwaka 1955, nikavuka mlima usio na njia nikiwa na mzigo wa chumvi kichwani. Kwa hiyo siitukani sana. Na leo nasema yote kwa sababu wale ambao yangewaaibisha wamekwisha kulala, Mungu awarehemu.

Mwaka 1949 nilikuwa mkwe mpya katika kijiji cha Mwabasabi, nyuma ya mlima Isabilo, kwao mume wangu Januari. Yeye mwenyewe alikuwa mgodini Geita, anafanya kazi chini ya ardhi, na mimi nilikaa na mama yake. Uchungu wa mimba yangu ya kwanza ulinishika Jumatatu. Jumatano mtoto alikuwa hajatoka. Mkunga akanawa mikono, akasema huyu mimi simwezi, apelekwe kwa daktari wa mgodini. Yowe likapigwa. Vijana wakakata miti miwili, wakafunga ngozi ya ng'ombe katikati, wakanilaza hapo.

Kule kwetu mgonjwa habebwi na watu wake peke yao. Vijana wa kijiji chenu wanakubeba mpaka mpakani, wanapiga yowe, na wa kijiji cha pili wanapokea miti mabegani bila kuuliza wewe ni binti wa nani. Watu wa Mwabasabi walinikabidhi kwa watu wa Ibondo, wa Ibondo kwa wa Nyantimba, wa Nyantimba kwa wa Kasota, vinyumba vichache chini kabisa ya mlima. Kuzunguka kwa barabara kungechukua siku mbili zaidi, na mimi sikuwa na siku mbili. Mtu mmoja wa Kasota, mrina asali, akasema yeye anajua pa kupita juu, ingawa njia hakuna. Akashika mti wa mbele, na pale vichaka vilipokaza aliwaachia wenzake mzigo, akafyeka kwa shoka. Nilifika hospitali roho ikiwa puani, na binti yangu Klara akazaliwa akipiga kelele ambazo mpaka leo hajaziacha.

Sasa fikiria tabu yangu. Mtu aliyelazwa kwenye machela haoni nyuso. Anaona mbingu, na akishusha macho anaona visogo vya waliomtangulia. Walio nyuma yake hawaoni kabisa. Nilitaka kuwashukuru watu ambao nawajua kwa visogo tu! Kisogo nilichokijua zaidi ni cha yule mrina asali. Kilikuwa na kovu la moto kutoka sikio hadi sikio, na nilikuwa nimelitazama muda mrefu kabla giza la kuzimia halijanichukua.

Na mama mkwe wangu? Mama Januari alisimama mlangoni wakati naondolewa, akawaambia vijana, "Nendeni. Mimi nina ng'ombe." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia kwake. Alikuja kumwona mjukuu baada ya miezi miwili. Miwili! Majirani wa kambi ya mgodi nilikobaki na mume wangu, Waha na Wanyamwezi ambao hata majina yao nilikuwa siyajui, walikuwa wamekwisha kuniletea uji na kuni. Baadaye ng'ombe wake walikufa kwa ndigana, akahamia kwetu, akakaa chumba cha nyuma. Nilimpikia, nilimfulia, nilimwita Mayu kama inavyompasa mama. Lakini nilikuwa mkwe mwema wa mikono tu. Kila Januari aliposema twende Mwabasabi tukawashukuru watu, nilikumbuka ule mlango na wale ng'ombe, nikasema mwakani. Mwakani ikawa miaka sita.

Kilichonishtua ni duka la Velji. Lilikuwa karibu na lango la mgodi. Velji aliuza chumvi, majembe na nguo, na alinunua nta kwa warina asali. Siku hiyo nilikwenda na chupa yangu kutaka mafuta ya taa, nikamkuta akipanga madonge ya nta sakafuni mpaka hakuna pa kukanyaga.

"Leo nta nyingi," nikamwambia.

"Ya mwisho hii, Mama Klara. Bujiku wa Kasota ameleta yote aliyokuwa nayo. Serikali inawahamisha mwisho wa mwezi kwa ajili ya malale. Nyumba hii inapelekwa huku, nyumba ile kule."

"Bujiku ndiye nani?"

"Mrina asali. Mzee sasa. Aliungua hapa." Velji akajipitishia kidole kisogoni, kutoka sikio hadi sikio.

Niliondoka nikaacha chupa yangu juu ya meza yake. Mwisho wa mwezi ulikuwa siku kumi na moja mbele. Baada ya hapo watu wa Kasota wangetawanywa, na mtu ambaye sikuwahi kuuona uso wake angepotea kwa sababu ya ukaidi wangu. Njia nzima nilikuwa najitukana kwa sauti, watu wakanipisha.

Januari alipata ruhusa ya siku sita. Siku ya saba king'ora cha asubuhi kikilia yeye hayupo langoni, kipande chake cha kazi kingefutwa, na chumba chetu cha kambini kingepewa mwingine. Basi jioni ile tukakaa kupanga safari. Januari ni mtu taratibu sana, ukimtuma moto utakula mbichi, lakini kabla hajaanza kushuka chini alikuwa amevuta mnyororo wa wapima ardhi kwa miaka miwili, na mambo ya njia alikuwa anayajua. Alileta ubao wa boksi la baruti, akachukua kaa, akachora mlima katikati, mgodi upande huu, vijiji vinne upande ule.

"Kwa barabara kwenda na kurudi ni siku tisa," akasema. "Kila kijiji kitatulaza. Hatuwezi kusalimu watu na kuondoka kabla kuku hajaiva."

"Tufute kuku."

"Wafute wewe, Mama Klara. Mimi ni mtoto wa kule."

Tukahesabu tena. Lori la pamba lilikuwa likitoka Mwabasabi kila Jumamosi kuja Geita. Tukivuka mlima kwanza, siku mbili, tungefika Kasota Jumanne jioni kabla watu hawajahamishwa. Jumatano Nyantimba, Alhamisi Ibondo, Ijumaa Mwabasabi, Jumamosi lori. Duara kamili, siku sita. Ugumu ulikuwa mmoja tu, ule mlima. Tangu malale ianze hakuna aliyeruhusiwa kukata kuni wala kulima kule juu, na hata vile vijia vya wawindaji vilikuwa vimemezwa na msitu. Januari alikwenda kuomba cheti cha kupita, akapewa baada ya kuulizwa maswali mengi.

Mama Januari alikuwa anasokota kamba pembeni. Ghafla akasema, "Msipite juu."

"Kwa nini, Mayu?" nikauliza.

"Msipite tu. Nendeni na barabara, mwone wale mtakaowaona."

"Ninayemtaka ni yule wa Kasota. Hao wengine hawahami."

Akatazama ubao ule kama mtu anayetazama nyoka. Kisha akauliza tunabeba chakula gani.

"Michembe," nikasema. Kila Msukuma anajua michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa. Ni vyepesi, na mfuko mmoja unalisha watu wiki nzima.

"Michembe inataka kuchemshwa. Maji mtatoa wapi?"

"Mayu, ule mlima una msitu mpaka kileleni. Penye msitu pana maji."

Alinitazama kidogo, akarudia kamba yake. Usiniulize kwa nini nilisema kwa uhakika hivyo. Sisi watu wa mbuga, tuliozoea kufukua mchanga wa mto mkavu ili tupate kata moja ya maji, tukiona kijani mbali tunaamini chini yake kuna chemchemi. Hata Januari, na mnyororo wake, aliitikia kwa kichwa kunikubali.

Jambo jingine alilosema mama huyo ni kwamba tusivae kaniki, kwa kuwa mbung'o wanapenda nguo nyeusi. Hilo nilikubali, kwa kunung'unika. Tulifunga vifuko kumi na viwili vya chumvi na blanketi moja jipya la Bujiku. Jumatatu alfajiri mama mkwe mwenyewe alinitwisha mzigo, akarekebisha kata kichwani pangu. Nikafikiri, huyu anafurahi kupumzika na mdomo wangu.

Kwenye kituo cha kukagua mbung'o askari alitupangusa kwa wavu wake mgongoni na miguuni, akasoma cheti, akatuonea huruma. Hatua mia tatu baadaye tuliiacha njia. Januari alinionyesha jinsi wapima ardhi wanavyokwenda porini bila kuzunguka-zunguka. Unachagua miti mitatu iliyosimama mstari mmoja. Ukifika wa kwanza, unatafuta wa nne nyuma ya ile miwili, na unaendelea hivyo hivyo, jicho halipumziki. Klara alikuwa begani mwake, na kazi yake ilikuwa kuchagua mti wa nne. Alichagua vibaya makusudi mara mbili, akapigwa kibao cha paja, akaacha.

Saa sita tulikuwa tumefika kwenye msitu wenyewe. Kivuli kizuri, majani mabichi, na maji hakuna. Tulikuta korongo moja, mawe matupu. Tukakuta la pili, mchanga. Januari alifukua mchanga ule mpaka kiwiko, akatoa mkono wenye vumbi. Vibuyu vyetu vilikuwa viwili, na kimoja kilikuwa nusu. Saa kumi mtoto alianza kulia njaa, na nikaelewa nilichofanya. Nilikuwa nimebeba michembe, na kuichemsha maana yake ni kumwaga sufuriani maji yote tuliyobaki nayo.

"Fungua mzigo tuone," Januari akasema. Hakunilaumu, na hiyo iliniuma zaidi.

Nikafungua. Mfuko ulikuwa ule ule niliofunga mwenyewe, lakini fundo lilikuwa la mama mkwe. Ndani hamkuwa na mchembe hata mmoja. Mlikuwa na matobolwa, viazi vinavyochemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa, ambavyo mtu anavitafuna hivi hivi vikavu, akinywa funda moja la maji. Ni vizito zaidi, ndiyo maana shingo yangu ilikuwa inaniuma tangu asubuhi nami nikidhani ni chumvi.

Unafikiri nilishukuru? Nilikasirika. "Ameingia kwenye mzigo wangu bila ruhusa!" Nilisema hivyo huku natafuna. Klara alikula mpaka akalala na kipande mkononi. Nilipotulia ndipo nikamuuliza mume wangu, "Mama yako amejuaje kwamba huku juu hakuna maji?"

Januari aliziba kibuyu kwanza. "Sijui. Mama amezaliwa Nera, tambarare tupu. Sijawahi kusikia kwamba amepanda mlima wowote."

Siku ya pili tuliteremka tukitumia mizizi kama ngazi. Jua likiwa linaelekea magharibi tukaona paa za Kasota, au tuseme nusu ya paa, maana watu walikuwa wanang'oa nguzo zao wakazitumie huko wanakopelekwa. Hakuna aliyekuwa anaimba. Wanawake walikuwa wanafunga kuku miguu. Tuliuliza Bujiku, tukaonyeshwa mzee aliyetupa mgongo, ameinama anafungua mzinga. Sikuhitaji kuulizia zaidi. Lile kovu lilikuwa pale pale.

Nilipiga magoti mavumbini nyuma yake. "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akageuka. Uso wake ulikuwa mwembamba, wa upole, hauna jambo lolote la kukumbukwa, na mimi nililia nilipouona. Nikamwambia mimi ndiye yule wa machela, na huyu ndiye mtoto. Akamshika Klara kichwa, akacheka kwa furaha, akasema, "Kumbe uliishi! Kumbe mliishi wote wawili!" Alikuwa amerudi msituni siku ile ile na hakuwahi kuambiwa mwisho wetu. Miaka sita mzee wa watu hakujua kama alibeba mzima au maiti. Niliona haya mpaka masikioni. Safari ya siku mbili tu, na mimi nilikuwa nasema mwakani.

Alipokea blanketi kwa mikono miwili. Alipokea chumvi. Kisha akaniuliza, "Na yule mama, mmemshukuru vizuri?"

"Mama gani?"

Bujiku akanitazama, akamtazama Januari. Akamwambia, "Mwanangu, mchukue mtoto mkaone mizinga yangu kule nyuma. Kuna sega nimelifungia kwenye majani." Januari alipokwenda, mzee akakaa juu ya mti wa paa lake.

"Alituapisha tusiseme," akaanza. "Tulikuwa wanne. Wawili wamekufa, mmoja ameshahamishwa. Keshokutwa lori linanichukua mimi. Nikifa huko niendako, nani atakuambia?"

Nikamwambia aseme.

"Kule juu ulinyamaza. Macho yakageuka. Tukakuweka chini, tukakuita, kimya. Sasa wewe unajua desturi. Mwanamke aliyekufa na mimba tumboni hapitishwi penye nyumba za watu. Mmoja wetu akaanza kutafuta mahali penye udongo laini. Mimi pia, sikufichi, mimi ndiye niliyetoa shoka la kuchimbia."

Nikamwambia aendelee.

"Tukasikia mtu anakuja nyuma yetu. Mama, peke yake, miguu inatoka damu. Alikuwa amekufuata tangu kijijini kwake, kila akifika mpakani umekwisha kupitishwa. Hakutusalimu. Akakulalia, akaweka sikio kifuani pako. Akasema, anapumua. Tukasema, mama, yamekwisha, pole. Akasema, anapumua. Tukakataa. Basi akasimama mbele yetu, akashika fundo la nguo yake hapa kifuani, akasema, 'Ninyi ni rika la mwanangu. Asipobebwa, naivua hii mbele yenu.'"

Mzee akatazama mikono yake. Nami nilitazama chini, kwa maana kule kwetu hakuna neno zito kupita hilo. Mwanamke mzima hulitamka mara moja katika maisha yake, na wengi wanakufa bila kulitamka. Kijana anayemsababisha mama kuvua nguo haoi akapata watoto, halimi akavuna. Na mama mwenyewe anayelisema anajitoa heshima yake yote, kama aliyeuza nyumba.

"Tukakubeba," Bujiku akasema. "Tulikimbia nawe. Kiu ilikuwa inatuua, yeye nyuma hana hata kibuyu. Tulipoona mabati ya mgodi akasimama. Akatuapisha, akarudi peke yake alikotoka."

"Kwa nini hakushuka na mimi?" Sauti yangu ilikuwa ya mtoto.

"Angeshukaje, na neno lile bado mdomoni? Aliyelitamka hakai karibu na mtoto mchanga mpaka aoshwe dawa na wazee, na wazee wa kule hawana haraka. Mwezi, miwili. Tena alikuwa anaona haya. Wewe ungependa mkweo ajue ulisema hivyo mbele ya vijana?"

Miezi miwili. Nilikuwa nimeihesabu kwa vidole mbele ya kila jirani aliyetaka kunisikiliza, na yeye chumba cha pili anasikia.

Januari alirudi na Klara, asali imemtapakaa mtoto mpaka nyusi. Akaniuliza kwa nini nimelia hivi. Nikasema ni furaha. Sikumwambia, wala sikuwahi kumwambia mpaka alipofariki. Mtoto wa kiume haambiwi jambo kama hilo juu ya mama yake.

Safari tuliimaliza kama tulivyoipanga ubaoni. Nyantimba, Ibondo na Mwabasabi walichinja kuku, na nilikula wote. Niliwaomba wanaume wanigeuzie migongo ili nivitambue visogo vyao, watoto wakafa kwa kicheko, na kweli niliwatambua watano. Mmoja alikuwa amepata upara, ikabidi nifikiri. Waliobaki walisema wao walikuwa nyuma yangu, nikawaamini, nikawapa chumvi. Kila nilipokabidhi mfuko nilisema asante kwa moyo wangu wote. Lakini kichwa changu kilikuwa kimekwisha kutangulia nyumbani. Juu ya lori la pamba Januari aliniambia sijamgombeza tangu Jumanne, akaniuliza kama naumwa malale.

Tulifika kambini Jumamosi alasiri. Januari akapita moja kwa moja kwenda kuoga, Klara akakimbilia watoto wenzake. Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini na ungo wa mtama magotini.

"Mmerudi," akasema.

"Tumerudi, Mayu." Nilitua mzigo, nikapiga magoti mbele yake. "Bujiku anakusalimu."

Mkono wake ukasimama katikati ya mtama. Alitazama upande wa bafu, maji yalikuwa yanasikika. "Januari amejua?"

"Hajui. Hatajua kwangu."

Akashusha pumzi. Mimi nilikuwa nimetunga maneno tangu Kasota, maneno mazuri, ya kutosha kujaza njia yote. Yaliyotoka ni mawili tu, asante ya kwetu. "Wabeja, Mayu." Nikalia tena, mimi nisiyelia.

"Usilie kama umefiwa," akasema. "Na usinishukuru kwa kitu ambacho sikuwa nacho, ng'wanone, mwanangu. Siku ile sikukupenda. Ulikuwa na mdomo mrefu, ulikuwa unaamka jua limetoka. Nilikuwa nimekwisha kumwambia Januari kwamba amekosea kuoa. Ulipoondoka niliwaambia wakupeleke, nikarudi kwa ng'ombe wangu, nikakamua. Ndipo nikashindwa kukaa."

"Basi kwa nini, Mayu? Kule juu. Kwa nini useme neno lile kwa mtu usiyempenda?"

Alionekana kushangaa kwamba nauliza.

"Niliweka sikio," akasema, "nikasikia unapumua."

Akanisogezea ungo, kwa sababu macho yake yalikuwa hayaoni vizuri mawe madogo. Nikakaa kizingitini bega kwa bega naye. Miaka sita nilikuwa nimeamini kwamba kama angenipenda angekuja, na kumbe alikuja bila kunipenda, kwa miguu yake, na akaweka rehani kitu ambacho mwanamke hawezi kukipata tena. Mtu akikufanyia jambo kwa upendo, unaweza kusema na mimi ningemfanyia. Hili mimi sikuweza kusema ningelifanya. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake pale pale, kwa sauti, na yeye akaniambia nipunguze kelele, nichambue mtama, watu watashinda njaa.